Zizi Chini ya Sakafu ya Mama Shabani

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo ni siku tuliyoondoka nyumbani kwa Mama Shabani bila kunywa uji wake. Mengi nimeyasahau. Hapa Utemini wapo watu niliowafanyia kazi, wakiniamkia njiani naitikia marahaba huku najiuliza huyu ni wa nyumba ipi. Lakini uji ule naukumbuka. Ulikuwa wa mtama, kwenye vikombe vya bati, umefunikwa kwa visahani nzi wasiingie. Ulibaki pale kwenye kigoda, sisi tukapanda baiskeli zetu.

Nakueleza haya kwa sababu umeanza kushika mwiko. Nimekuona. Umenunua mashine ya kukatia, unanunua gundi ya mfuko, na kwenye simu unawaonyesha watu sebule zinavyong'aa. Nzuri, sikatai. Ila sijaona hata picha moja ya sakafu kabla hujalaza. Ninyi vijana mnalaza marumaru kama mnapanga karata, na chini mmeweka nini hamsemi. Usinune, kaa hapo. Magoti yangu hayapigi tena chini, lakini mdomo bado unafanya kazi.

Enzi hizo nilikuwa kijana kama wewe, namfuata Mzee Athumani, fundi wa sakafu, Mnyaturu wa upande wa Ikungi. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, maneno machache, hasira karibu. Mimi ni Yohana, mtoto wa kanisani, na hakunibagua hata siku moja. Marumaru ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia vijijini. Watoto waliofanikiwa mjini walianza kuwawekea wazazi wao, na mama mwenye sakafu ya kung'aa alizungumzwa mpaka kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Shabani alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikuwa akisafirisha mafuta ya alizeti kwenda Mwanza, na mambo yalikuwa yanamwendea. Yeye na wadogo zake wakamjengea mama yao nyumba ya matofali na bati, pale pale kwenye mji wa baba yao, yaani boma lao la kijijini. Mama mwenyewe alikuwa bado analala kwenye nyumba ya zamani ya udongo, ile ya paa la bapa, na sakafu yake aliikandika kwa mikono yake, udongo na kinyesi cha ng'ombe. Watoto walitaka Idi ikifika wakutane wote, na siku hiyo mama aingie nyumba mpya. Jamvi la zege, ile sakafu ya chini inayobeba marumaru, lilikuwa limeshamwagwa. Sisi tuliitwa kulaza marumaru tu.

Mzee Athumani alikuwa na kawaida yake. Akifika kwenye nyumba hagusi boksi. Anavua viatu, anatembea peku kila chumba, kisha anapiga chini kwa mpini wa nyundo, sikio ameliinamisha. Siku ile alipiga, akasogea, akapiga tena. Jamvi lilikuwa linalia tupu. Kwenye chumba cha mama, karibu na mlango wa nje, zege lilikuwa jembamba na limepasuka. Akaniomba nondo, akaisukuma kwenye ufa, nayo ikazama kama mwiko kwenye ugali. Alipoichomoa, ncha ilikuwa nyeusi. Akainusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa harufu ya ng'ombe, mwanangu, harufu iliyofungiwa.

"Hapa palikuwa na nini?" akauliza.

Shabani akatabasamu. "Zizi la marehemu baba. Kwingine kote ni mawe, mzee, si unaona mwenyewe? Hapa tu ndipo palipokuwa sawa. Halafu tukasema, mama alale pale walipokuwa wanalala ng'ombe wa baba."

Neno hilo lilitoka moyoni, wala simcheki. Huku kwetu kosa hili watu wengi wamelifanya, na wengi wao ni watoto wanaowapenda wazazi wao. Ukikuta kwenye mji wa zamani kipande cha ardhi kimenyooka, hakina jiwe, jiulize kwanza. Ng'ombe wamelala pale tangu kwa babu, samadi juu ya samadi, imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu kama barabara. Kiangazi watoto wanachezea mpira. Lakini samadi ni majani tu, mwanangu. Ikinywa maji inavimba, ikikauka inasinyaa, na inaendelea kuoza kidogo kidogo ikiacha uwazi chini. Zege juu yake linabaki limening'inia.

"Vunjeni jamvi," Mzee Athumani akasema. "Toeni samadi yote mpaka mfike udongo mwekundu. Jazeni mawe na kifusi, mshindilie kwa maji, ndipo mmwage upya. Marumaru baadaye."

Shabani akaiona Idi inampita. "Mzee wangu, wadogo zangu wameshaomba ruhusa kazini. Wewe laza tu. Ukiongeza saruji si itashika?"

"Haitashika."

"Basi mafundi wapo wengi."

"Wapo," Mzee akajibu, akaanza kukusanya miko yake.

Tulipotoka ndipo tukamkuta Mama Shabani anakuja kutoka jikoni. Mama mdogo wa umbo, mweusi, kanga kaifunga kifuani, anatembea haraka kwa umri wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Alishaweka uji kwenye kigoda. Akatutazama sisi, akatazama mifuko ya vifaa mabegani mwetu.

"Mbona mnaondoka? Hata uji hamjanywa."

Mzee Athumani alikuwa bado amefura. "Tutarudi, mama," akasema bila kusimama.

"Haya. Nitawasubiri."

Basi. Tukaenda zetu. Njiani upepo ulikuwa unatupiga usoni, Mzee anakanyaga pedali mbele, na mimi nimejaa furaha. Nilimwona bwana wangu mtu wa msimamo, na mimi mwanafunzi wake nikajiona nimesimama pamoja naye. Jioni nilikuwa nimeshawasimulia vijana wenzangu wote kijiweni. Nikawaambia waingoje ile nyumba, watakuja kuniambia.

Shabani akapata mafundi wengine. Wakalaza marumaru nyeupe zenye maua ya bluu pembeni, na Idi ikaliwa humo. Waliokwenda walirudi wakisifu. Walisema wanawake walivua ndala tangu uani. Kuna mtu akaniuliza, "Vipi, mzee wako alisema inazama, mbona haijazama?" Nikacheka kwa uchungu. Nikawa nasubiri mvua. Nakuambia kweli, mwanangu, mwaka ule niliisubiri mvua kama mkulima, na shamba sikuwa nalo. Hilo linanisumbua hadi leo nikilikumbuka.

Mvua ikanyesha, na ilikuwa nyingi. Maji yakapita chini ya msingi yakaingia kwenye samadi. Kwanza ikainuka marumaru moja chumbani kwa mama, halafu katikati pakabonyea, pakawa kama sahani. Ukingo wa marumaru ya jirani ukabaki umesimama. Unajua yule mama alifanya nini? Alitandika mkeka juu yake. Jirani yake alitueleza baadaye. Watoto wakipiga simu kuuliza nyumba, anawaambia nyumba nzuri sana, Mungu awabariki. Hakutaka waone aibu. Kila mgeni akija anamzungusha pembeni mwa ule mkeka, na yeye mwenyewe alijua pa kukanyaga.

Lakini mtu hakumbuki kila siku. Asubuhi moja aliinuka kwenda kufungulia kuku, mguu ukanasa kwenye ule ukingo chini ya mkeka, akaanguka kwa ubavu. Nyonga ikavunjika. Walimpeleka hospitali, akakaa huko, akarudishwa nyumbani akiwa wa kulala. Akaomba alazwe kwenye nyumba yake ya zamani, kwenye udongo wake.

Habari zilipotufikia, Mzee Athumani aliacha kazi tuliyokuwa nayo. Alifunga vifaa kwenye baiskeli, na mimi nikamfuata. Shabani alitupokea macho mekundu. Tukaingia nyumba mpya, nikainua ule mkeka, nikaona shimo kama nilivyolitabiri kijiweni. Dirisha lilikuwa wazi, na nyumba ya zamani ambako mama alikuwa amelala iko hatua chache tu kutoka pale. Nami nikatoa sauti, Mungu anisamehe, nikasema kwa kujisikia, "Ndiyo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Shabani akainamisha kichwa. Mzee Athumani akanishika mkono juu ya kiwiko, akanitoa nje kama mtoto, akanipeleka mpaka nyuma kwenye mawe.

"Guu lililovunjika ni la nani?" akaniuliza.

Nikatazama mawe.

"Nakuuliza wewe Yohana. Ni la Shabani?"

"Hapana, mzee."

"Ni la huyu mama. Haya, huyu mama aliambiwa la mkuu gani? Alisimama pale na uji wake, akatuuliza mbona mnaondoka. Tukamjibu nini?"

"Tutarudi."

"Tutarudi," akarudia, na sauti yake ikakatika kidogo. "Tulimweleza mwanawe atakayerudi Mwanza. Huyu atakayeikanyaga kila siku tukampita kama nguzo. Mimi nilikuwa na hasira zangu, wewe ulikuwa na kiburi chako. Angejua, angekaa huko huko kwenye udongo wake mpaka kazi iishe. Sasa amelala pale, na wewe unamsomea methali."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu akikukemea kwa kosa lako tu, unaweza kumnunia. Huyu alijitia na yeye ndani ya kosa, nikakosa pa kujificha.

Akanipa adhabu palepale. Akasema tutaivunja sakafu na kuianza upya, na mimi kila jioni nitakwenda kukaa na Mama Shabani kumweleza kazi ilikofikia, bila kuipamba.

Tukaanza. Shabani alivua shati akachimba na sisi, na mzigo wa Mwanza akamwachia mdogo wake. Tukatoa zege, tukatoa samadi. Haikuwa na mwisho, mwanangu. Ilikuwa nyeusi, yenye joto na mvuke, na chini zaidi tukakuta visiki vya nguzo za zizi, vimeoza, ukivigusa vinamomonyoka. Majirani walikuja na mikokoteni kuichukua kwa ajili ya bustani zao za vitunguu. Lile rundo lililombeba mama likamvunja, likaenda kuotesha vitunguu. Siku zile sikuona cha kuchekesha ndani yake.

Jioni nanawa, nakwenda kwa mama. Naamkia, nakaa kwenye kigoda kile kile. Swali lake lilikuwa moja.

"Mmefika kwenye nyekundu?"

"Bado, mama. Leo bado nyeusi."

"Haya."

Kesho yake tena, bado. Alikuwa anapungua. Uji aliokuwa akiwapa watu sasa alikuwa akilishwa na mkwewe kwa kijiko, na vijiko vilikuwa vinapungua. Lakini kwenye habari za sakafu alikuwa mkali. Nikisema tumesonga vizuri, ananiuliza vizuri ndiyo nini. Nikajifunza kusema kwa mkono, nimpimie kwa mkono wangu tumeshuka kiasi gani.

Siku tuliyofika nilimpelekea udongo wenyewe kiganjani. Akausugua kwa vidole, akaunusa. "Huu ndio," akasema. "Siku nilipoletwa hapa mwari, mama mkwe alinipa udongo huu nikandike chumba changu." Akaukunja kwenye ncha ya kanga akaufunga. Nikatoka nje upesi, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Tukajaza mawe, tukajaza kifusi tabaka kwa tabaka, tunamwaga maji, tunashindilia kwa gogo mpaka likipigwa linadunda. Tukapima kwa ule mpira mwembamba uliojaa maji, ncha moja kwangu na ncha nyingine kwa Mzee. Vyumba vyote tukaviweka sawa kabisa, isipokuwa chumba cha mama. Hicho Mzee aliamua kiwe na mteremko kidogo sana kuelekea mlango wa nje, jicho lisiuone. Alikwenda kumweleza mama mwenyewe sababu: chumba cha mgonjwa kinaoshwa kila siku, na maji yakituama yanamtesa anayeuguza. Mama akakubali. Tukamwaga jamvi, tukalifunika kwa magunia, tukawa tunalinywesha maji asubuhi na jioni.

Hapo ndipo Shabani aliponijia akiwa ameshika kichwa. Mama alikuwa ameacha kula. "Yohana, mwambie Mzee alaze. Hata kama bado bichi. Aingie tu, aone."

Sikuwa na methali ya kumpa. Nikamwambia Mzee Athumani, na Mzee akasema twende tukamwulize mwenyewe.

Tukaingia wote watatu. Mzee akachuchumaa karibu na kitanda. "Mama, mwanao anaomba tulaze sasa uingie. Zege bado halijakomaa. Tukilaza leo zitashika, lakini baadaye zitaachia."

Mama akafumba macho, tukadhani amelala. Kisha akasema, "Zikiachia nitakuwepo?"

Mzee hakumdanganya. "Sidhani, mama."

"Na wajukuu?"

"Wajukuu watakuwepo."

"Basi subirini," akasema. "Mimi nilishaharakishwa mara moja."

Shabani alitoka nje akaenda kulilia kwenye mawe, na hakuna aliyemfuata.

Tukasubiri. Tuliendelea kunywesha jamvi, na maboksi ya marumaru yalikuwa yamepangwa barazani hayajafunguliwa. Asubuhi moja nilifika na ndoo yangu, nikamkuta Shabani amekaa juu ya maboksi yale, mikono magotini. Nikasikia wanawake ndani ya nyumba ya zamani wakianza kilio.

Ile nyumba ya udongo ilikuwa na giza na nafasi ndogo, haikufaa kumwoshea. Wakasema aletwe kwenye chumba chake kipya. Wanaume wakachimba kishimo nje ya mlango ule wa nje, ili maji yaingie humo. Kabla wanawake hawajaingia, Mzee Athumani alivua viatu, akatembea peku chumba kizima, akamwaga ndoo moja ya maji juu ya jamvi. Sote tulitazama. Maji yalisita, yakajikusanya, yakaelekea mlangoni yakatoka. Akaitikia kwa kichwa, akawapisha.

Sisi tulisimama nje upande wa kishimo, waliokuwa wakisoma dua wakisoma, mimi kofia mkononi. Mlango ulikuwa umezibwa kwa kanga. Kisha maji yakaanza kuja kwa chini yake, taratibu, yakaingia kishimoni, yakaja tena. Hayakutuama. Hakuna aliyeuliza marumaru ziko wapi. Mzee Athumani alikuwa ameinama anayatazama, na mimi niliyekuwa karibu naye nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Tumerudi, mama."

Marumaru tulikuja kuzilaza baada ya arobaini. Zipo hadi leo. Juzijuzi nilipita, wajukuu wamezaa, watoto wanakimbia sakafuni peku na mahali hapajasogea. Wenyewe hawajui chini kuna nini, wala sikuwaambia. Nilikaribishwa uji nikanywa mpaka mwisho.

Sasa sikia, mwanangu, nisije nikafa umebaki na hadithi bila neno. Usilaze kitu juu ya kitu usichokijua. Gonga, nusa, uliza palikuwa na nini kabla ya nyumba. Ukikuta laini, toa mpaka ufike pagumu, hata kama watu wanakucheka na sikukuu inakaribia. Zege lipe muda wake. Mwenda pole hajikwai, na hata akijikwaa hajamwangusha mwenzake. Haya ni ya mikono, na mikono yako naona ni mizuri.

Lililo zito ni hili jingine. Siku utakayokataa kazi mbovu, na iko siku utakataa, usichukue mwiko wako ukaondoka na msimamo wako begani. Mtafute yule atakayekanyaga pale. Atakuwa jikoni, au anafungulia kuku, au hajui kusoma, au mwanawe atakuambia usimsumbue mama. Kaa chini, kunywa alichokuandalia, umweleze yote. Asipokusikia, hapo umeshamaliza. Lakini akiwa hajaambiwa, bado unadaiwa, hata kama ulikuwa na haki kuliko watu wote kijiweni. Na ukimkuta ameanguka, funga mdomo ushike sururu.

Nenda sasa, kesho una kazi. Mungu akulindie magoti yako yasichoke mapema kama yangu. Akupe sikio la kusikia jamvi linalolia tupu, akupe na wateja wenye subira, ingawa hao ni wachache. Na akusimamishe, mwanangu, kila utakapoulizwa mlangoni mbona unaondoka, uweke mfuko chini na ujibu.